"Haonekani" si "Hayupo": Kiswahili cha kumtafuta mnyama anayejificha

Habari za wanyama wanaojificha kwa kawaida huachiwa watu wa biolojia. Katika makala hii ninadai kwamba nusu ya kazi hiyo ni yetu sisi wa lugha. Anayemtafuta mnyama hutumia macho, lakini kinachobaki baada ya siku kwisha ni sentensi: ile aliyomwambia mwenzake, aliyoiandika katika daftari, au iliyofika ofisini ikiwa imepitia lugha mbili au tatu. Sentensi hiyo ikiwa mbovu, mnyama hupotea mara ya pili, safari hii katika karatasi.

Mkoa wetu wa Haut-Lomami unatupa sababu nzito ya kulifikiria jambo hili. Mashariki ya Kamina iko Hifadhi ya Taifa ya Upemba, iliyoanzishwa mwaka 1939. Humo wamebaki punda milia wa mwisho wa porini katika nchi yetu, tembo wachache, na swala wa majini ambaye nitamzungumzia baadaye. Baada ya miaka mingi ya uwindaji na vita, wanyama hao ni wachache na wamejifunza kumkwepa binadamu. Wanaojua mapito yao mara nyingi ni wavuvi, wakulima na walinzi wa hifadhi. Watu hao husimulia kwa Kiluba au kwa Kiswahili cha Katanga, na habari zao huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza. Kati ya msimulizi na karatasi panahitajika mtu anayejua lugha, na huyo anaweza kuwa yeyote kati ya wanafunzi wa kitivo hiki. Nimepanga somo katika sehemu tano, na mwishoni nimeweka mazoezi.

1. Kutazama na kuona

Kiswahili kinatenganisha vizuri "kutazama" na "kuona". Kutazama ni kazi ya mtu: anaelekeza macho. Kuona ni matokeo: kitu kimefika machoni. Ndiyo maana tunaweza kusema "nilitazama sikuona" bila kujipinga. Kati ya vitenzi hivi viwili upo muda, na katika muda huo ndimo mnyama hujificha.

Mahali pazuri pa kujifunza tofauti hii ni bustani ya wanyama ya Lubumbashi, ambayo watu wengi huiita zoo tu. Nilikaa huko asubuhi moja kando ya bwawa la mamba, nikisikiliza wageni wanavyosema. Kikundi kilifika, kikatazama maji kwa muda mfupi sana, kisha mama mmoja akamwambia mtoto wake: "Haiko. Twende." Mfanyakazi aliyekuwa anafagia karibu akamzuia kwa upole: "Mama, ngojeni kidogo. Muangalie pale majani yameachana." Mtoto ndiye aliyeona kwanza: jicho, kisha tundu mbili za pua. Macho, masikio na pua za mamba viko juu ya kichwa, kwa hiyo anaweza kuzamisha mwili wote na bado akaona, akasikia na akapumua. Wageni walikuwa wanatafuta mamba mzima kama wa katika picha ya shule. Mamba alikuwepo kwa vipande.

Hapo kuna kanuni ya kwanza ya jicho, katika zoo na porini pia: tafuta sehemu, usingoje umbo zima. Tafuta sikio linalotikisika, mkia, au mstari unaolala pale ambapo mashina yote yamesimama. Tafuta kinachotembea kinyume cha upepo. Sikiliza ndege: kelele zao za ghafla, au kimya chao cha ghafla, vinaweza kukuonyesha upande wa kutazama. Asubuhi mapema na jioni wanyama wengi hutembea, mchana wa jua kali hulala. Usiku tochi huonyesha macho kabla ya mwili, kwa sababu wanyama wengi wa usiku wana utando nyuma ya jicho unaorudisha mwanga. Porini lipo jambo moja zaidi ambalo zoo haifundishi: upepo utoke kwa mnyama uje kwako, la sivyo pua yake itamaliza kazi kabla ya macho yako kuanza.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kanuni ya jicho inaleta kanuni ya daftari. Ukiona sehemu, andika sehemu. "Niliona masikio mawili ya mviringo na ncha ya mkia juu ya majani" ni ushahidi. "Niliona simba" ni hitimisho. Hitimisho linaweza kuwa la kweli, lakini msomaji apewe kwanza kile ambacho jicho lilipata, ili aweze kulipima.

2. Namna tatu za kusema hapana

Yule mama alisema "haiko". Tuichunguze kauli hiyo, kwa maana ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Katika Kiswahili sanifu tuna walau njia tatu za kutoa habari ya mnyama ambaye hatukumpata:

"Sikumwona." Kauli hii ina mtu ndani yake. Inasema juu ya msemaji, macho yake na muda wake. Haisemi lolote juu ya mnyama.

"Haonekani." Hapa mtu ameondoka. Kitenzi "ona" kimenyambuliwa kuwa "onekana", na mtendaji amefichika. Nani hakuona? Kwa saa ngapi? Kutoka wapi? Kauli haijibu. Inafanya kutoonekana kuwa tabia ya mnyama mwenyewe.

"Hayupo." Kauli hii ni hukumu. Inasema juu ya dunia: mahali hapa hapana mnyama huyo.

Kutoka kauli ya kwanza hadi ya tatu ni safari ndefu, lakini mdomo huivuka kwa urahisi sana. Mlinzi anasema kwamba katika doria ya siku tatu hakumwona punda milia. Karani anaandika kwamba punda milia hawaonekani. Mwandishi wa muhtasari, aliye mbali, anamaliza: hawapo. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amefupisha tu. Lakini mahali palipoandikwa "hawapo" ni vigumu kupaombea walinzi, mafuta ya gari au pesa za kuhesabu wanyama, na ni rahisi zaidi kupatolea kibali cha kazi nyingine. Watafiti wa wanyama wenyewe wanalijua tatizo hili. Katika hesabu zao hutenganisha uwezekano wa mnyama kuwepo na uwezekano wa mtu kumwona akiwepo, na hurudi mahali pamoja mara kadhaa kwa sababu hiyo. Sarufi yetu inaweza kufanya kazi hiyohiyo, mradi tusiifupishe.

Kwa hiyo kanuni ya pili ni hii: kila "hapana" iandikwe pamoja na mtu, muda na mahali. "Walinzi wanne hawakumwona, kwa asubuhi mbili, ukingo wa kaskazini wa bwawa." Sentensi imekuwa ndefu kidogo, lakini haijamfukuza mnyama ambaye pengine alikuwa amelala katika matete.

3. Alama na nyakati za vitenzi

Mara nyingi mnyama anayejificha hukutana nasi kwa alama zake tu. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Dalili za mnyama ni nyingi, na Kiswahili kina maneno yake: unyayo, kwato, kinyesi, malalo, kijia kilichokanyagwa, makwaruzo juu ya gamba la mti, manyoya yaliyonasa katika miiba, harufu, mlio. Anayeokota alama hizi anasoma, na kila kusoma kuna sarufi yake.

Tuchukue unyayo wa mnyama mla nyama kwenye tope. Chui huficha kucha zake anapotembea, kwa hiyo unyayo wake kwa kawaida hauna alama za kucha. Mbwa na fisi hawawezi kuzificha, na alama zao hutokea mbele ya vidole. Aliyeona unyayo mpana, wa mviringo, usio na kucha, anaweza kusema: "Chui amepita hapa." Tuangalie kiambishi "-me-". Kinaeleza tendo lililokwisha ambalo matokeo yake bado yapo, na matokeo yenyewe ndiyo haya mbele yetu, tope lenye umbo la mguu. Akisema "chui alipita hapa", amelipeleka tendo katika wakati uliopita, na msikilizaji anaweza kuuliza: jana? mwaka jana? ulimwona? Akisema "chui hupita hapa", ametoa habari ya mazoea, ambayo haiwezi kutoka katika unyayo mmoja.

Hapo Kiswahili chetu cha Katanga kinastahili heshima kubwa kuliko tunavyokipa darasani. Nilizungumza na mzee mmoja mvuvi wa upande wa Kikondja, aliyekuja Kamina na samaki wa kukausha. Nilimuuliza habari za swala wa majini wa upande wao.

"Baba, nyama ile ingali iko?"

"Iko, mwanangu. Lakini haionekanaka."

"Weye uliiona?"

"Miye niliona njia yake. Inapitaka pale, maji ikishuka."

Kiambishi "-ak-" katika "haionekanaka" na "inapitaka" ni cha mazoea. Mzee hakusema kwamba mnyama haonekani leo, wala kwamba amepita mara moja. Alisema kwamba kwa kawaida haonekani, na kwamba kila maji yanaposhuka hupita mahali palepale. Pia alitenganisha bila kuulizwa sana kile alichokiona, yaani njia, na kile anachokijua, yaani kwamba mnyama yupo. Mwanafunzi akisanifisha maneno hayo kwa haraka kuwa "haonekani" na "anapita pale", ameyafuta mazoea yote, na pamoja nayo ameufuta ujuzi wa miaka mingi. Tafsiri ya haki katika Kiswahili sanifu ni "kwa kawaida haonekani" na "hupita pale maji yanaposhuka".

Lugha nyingine za dunia, Kituruki kwa mfano, zina viambishi vinavyomsaidia msemaji kuonyesha ndani ya kitenzi kama ameona mwenyewe au amepata habari kwa njia nyingine. Kiswahili hakina kiambishi cha namna hiyo, kwa hiyo lazima tulete maneno. Ninapendekeza manne, yatumike bila haya katika kila daftari: "kwa macho", "kwa alama", "kwa sauti", "kwa habari". Neno la mwisho halimdharau msimulizi. Linasema tu kwamba mwandishi alipokea kwa mwingine, na linamwachia msomaji nafasi ya kuuliza: huyo mwingine alipata vipi?

4. Jina pana huficha kuliko majani

Neno "nyama" katika mazungumzo ya mzee linatufikisha kwenye majina. Katika Kiswahili cha Katanga "nyama" ni mnyama na pia ni kitoweo. Katika wingi tunasikia "banyama", na hapo maana ya viumbe hai inakuwa wazi zaidi. "Niliona nyama ya swala" inaweza kuwa habari ya porini au ya sokoni. Kwa mtafiti tofauti hiyo ni kubwa: habari ya kwanza ni ya mnyama aliye hai, ya pili ni ya mnyama aliyekwisha kuuawa, pengine mbali sana. Swali moja la nyongeza, "ilikuwa inatembea?", linatosha kuondoa utata.

Shida kubwa zaidi ni neno "swala" lenyewe. Tunalitumia kwa karibu kila mnyama mwenye pembe na miguu myembamba, kama vile Kifaransa kinavyotumia neno "antilope". Lakini Kiswahili kina pofu, kongoni, korongo, palahala, kuro, tohe, pongo, taya na nzohe, na kila jina ni mnyama mwingine, mwenye makao mengine. Nzohe huishi katika matete na maji. Korongo hukaa katika nyika yenye miti. Daftari linaloandika "swala wanne" limehifadhi idadi na kumpoteza mnyama.

Historia ya nchi yetu ina mifano mitatu ya jina lililoficha kiumbe.

Mfano wa kwanza ni okapi. Watu wa msitu wa Ituri walimjua na walikuwa na jina lake. Ulaya ilisikia habari zake katika kitabu cha Stanley cha mwaka 1890, lakini kama aina ya punda. Vipande vya ngozi yenye milia vilipofika London kwa Harry Johnston, mtaalamu Sclater mwaka 1901 alimweka katika jamii ya farasi na punda milia. Mwaka huohuo ngozi nzima na mafuvu yalionyesha kwamba ni ndugu wa twiga, na akapewa jina la jenasi yake mwenyewe, Okapia, lililotokana na jina la wenyeji.

Mfano wa pili ni tausi wa Kongo. Mwaka 1913 James Chapin aliona Ituri unyoya katika kofia ya mtu, na hakuweza kuujua ni wa ndege gani. Mwaka 1936, katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya kama ule. Kibandiko chao kiliwaita tausi wachanga wa India. Ndege wa msitu wetu alikuwa amesimama ndani ya makumbusho, mbele ya macho ya wataalamu, akifichwa na maneno machache.

Mfano wa tatu ni wa kwetu kabisa. Katika mabwawa ya Upemba anaishi swala wa majini aitwaye lechwe. Kwa miongo mingi alihesabiwa pamoja na ndugu zake wa Zambia, chini ya majina yao. Mwaka 2005 mtaalamu Cotterill alipima mafuvu na ngozi zilizokuwa zimehifadhiwa katika makumbusho tangu zamani, akaona kwamba huyu wa Upemba ni tofauti, akamwita Kobus anselli. Mwaka 2025 ndipo ilipotangazwa picha ya kwanza kuchapishwa ya mnyama huyo akiwa hai, iliyopigwa katika hesabu ya wanyama kwa ndege. Waliohesabiwa walikuwa kumi tu, na wataalamu wanakadiria kwamba wote waliobaki hawafiki mia. Lile jina pana lilitufanya tuamini kwamba mnyama huyu yupo kwa wingi mahali pengine, wakati hayupo mahali pengine popote.

Kanuni ya tatu inafuata yenyewe: andika kwanza jina alilolitamka msemaji, kwa lugha yake, hata kama hulijui. Kiluba kina "ntambo" kwa simba na "nge" kwa chui, na kwa wanyama wa maji na matete wazee wa ziwani wana majina ambayo kijana wa mjini hajawahi kuyasikia. Jina la Kiluba likiandikwa, leo au kesho mtu ataweza kulilinganisha na mnyama. Likibadilishwa kuwa "swala" papo hapo, hakuna wa kulirudisha. Baada ya jina, omba maelezo: rangi, pembe, kwato, mlio, anakula wapi, anakimbilia majini au nchi kavu. Msimulizi anayeeleza kwamba mnyama hukimbilia majini amekwisha kukupa zaidi ya jina.

5. Kile kisichoandikwa

Mpaka hapa nimesisitiza usahihi. Liko jambo moja ambalo usahihi wake unaweza kuua: mahali. Habari inayomsaidia mlinzi humsaidia jangili pia, na walinzi wa Upemba wameuawa wakiwa kazini. Tunapokusanya masimulizi kwa ajili ya kazi za darasa au kwa kurasa hizi, tuseme mnyama ni nani kwa usahihi wote, tueleze ushahidi ni wa namna gani, lakini mahali patajwe kwa upana: wilaya, upande wa ziwa, aina ya mimea. Mahali kamili ni pa kuwaambia walinzi wa ICCN. Vivyo hivyo jina la msimulizi lisiandikwe bila ruhusa yake. Mvuvi anayejua njia ya mnyama anaishi na majirani, na si wote wanaofurahi anapozungumza.

Mazoezi

Soma sentensi hizi. Kwa kila moja sema: ni kwa macho, kwa alama, kwa sauti au kwa habari? Nini kinakosekana? Kisha iandike upya.

(a) "Tembo hawako tena upande huu."
(b) "Chui alipita hapa." (Mwandishi aliona unyayo wa asubuhi ile.)
(c) "Waliona swala wengi karibu na maji."
(d) "Inalalaka mu matete." (Iandike kwa Kiswahili sanifu bila kupoteza mazoea.)
(e) "Niliona nyama kubwa Bukama."

Kwa sentensi (a) jibu moja linalowezekana ni: "Mkulima mmoja amesema kwamba tangu mvua zilizopita hajaona tembo wala kinyesi chao katika mashamba ya upande huu." Tembo wanaweza kuwa wameondoka kweli, lakini sasa tunajua nani amesema, alitafuta nini na kwa muda gani. Kwa sentensi (d), "hulala katika matete" inatosha. Nyingine nawaachia.

Zoezi la mwisho ni la macho na masikio. Mtafute mtu mmoja mzima katika familia yako aliyekulia karibu na mto, ziwa au msitu. Mwombe majina matano ya wanyama ambao siku hizi hawaonekani. Andika kila jina kama alivyolitamka, pamoja na maelezo yake, kisha andika alimwona mara ya mwisho lini na namna gani. Akikuambia "haionekanaka", usiandike "hayupo".